Mizizi ya Kunde

Baada ya kuanua matanga, majirani walikwenda kumvunia Mwantumu kunde zake, kama ilivyo ada kwa aliyefiwa. Alipofika shambani aliwakuta wamekwisha maliza. Kunde zote walizing'oa na mizizi yake, wakachuma maganda yenye punje, na majani pamoja na mizizi wakavirundika pembeni, tayari kuchomwa moto.

"Tumekusafishia kabisa, shoga," alisema Bi Zalia, jirani yake, huku akijifuta jasho.

Mwantumu aliwashukuru mmoja mmoja. Angewaambiaje? Kunde zile zilipandwa na mwanawe, Shaweji, huyo huyo waliyetoka kumzika.

"Mama, ukivuna kata mashina tu," alikuwa akimsisitizia. "Mizizi iache ardhini. Humo kwenye vinundu mna vijidudu vinavyovuta hewa na kuigeuza mbolea. Mahindi yetu ya mwakani yatakula hapo."

Mwantumu alichomoa mzizi mmoja kwenye rundo, akapasua kinundu kwa ukucha. Ndani kilikuwa kibichi bado, chekundu kama ufizi wa mtoto mchanga. Akapiga magoti, akachimba kwa vidole, akaufukia.

"Mama Shaweji," Bi Zalia alisema taratibu, "kunde zikishang'olewa hazishiki tena."

"Najua."

Akachukua mzizi mwingine.

Bi Zalia alikitazama kiberiti mkononi mwake, akakifunga kwenye pindo la khanga. Kisha akapiga magoti upande wa pili wa tuta, akaanza kuchimba, bila kuuliza wanazika nini.