Rudi Mapema

"Maneno hayo niliyachongesha mimi mwenyewe," bibi alisema kwenye simu. "Marehemu mume wangu aliipoteza saa hiyo safarini, hata hakuwahi kuniambia ni wapi."

Mzee wa Saa, kama majirani walivyomwita, aliketi kitandani, simu sikioni. Alinunua saa kuukuu zenye maandishi mgongoni, na kila alipomfuatilia mwenye saa, aliishia makaburini. Hii iliyochongwa "Mume wangu, rudi mapema" ndiyo ya kwanza iliyomfikisha kwa mtu aliye hai.

"Bado inatembea?" bibi aliuliza.

Hakujua. Alikuwa na mwiko wake: hatii saa ufunguo kabla hajawapata wenyewe. Sasa akaitia ufunguo kwa kukizungusha kitufe cha pembeni, taratibu, akaisogeza saa kwenye simu.

Tiki, tiki, tiki.

Mkono ukamfa ganzi, asiushushe.

"Ndiyo yenyewe," bibi alisema hatimaye. "Alikuwa akiiweka chini ya mto. Nilikuwa nalala naisikia."

"Kesho nakuletea, mama. Ni haki yako."

"Uniletee?" Bibi akacheka, kicheko cha mtu aliyekosa wa kucheka naye. "Halafu, mzee mwenzangu, keshokutwa utanipigia simu kwa lipi?"