Sharti la Hodi

"Kazi ni yako," Bwana Lukumay alisema kwenye kompyuta, "ila kamera iwe wazi kutwa, na usinyanyuke bila ruhusa."

Sikudhani, aliyekuwa akisailiwa akiwa nyumbani, alipangusa jasho. Ilikuwa ofa ya tatu tangu mvua zianze, na ya kwanza yenye bima ya matibabu. Chumba cha pili alilala baba yake, aliyepooza upande mmoja.

"Hodi humu!" Alikuwa Bi Mwanahawa, jirani aliyemletea mzee uji.

Sikudhani alijua anapaswa kunyamaza. Lakini maishani mwake hakuwahi kuiacha hodi bila jibu. "Karibu bibi, pita!" akaitika, kisha akaziba mdomo kwa kiganja.

Bwana Lukumay alikunja uso. "Unaona? Hapo mteja angekuwa anasikia."

Sikudhani alikuwa amechoka, hata maneno matamu hakuyatafuta. "Bosi, hodi nitaitika. Na baba akiniita nitakwenda kumgeuza. Kazi nitaimalizia jioni. Liandikeni hilo kwenye mkataba, la sivyo basi."

"Dada, kwani wewe ndiye unayeniajiri?"

"Hapana. Ila hapa ni kwetu."

Bwana Lukumay akaguna. "Ngoja nimuulize mkurugenzi." Akainuka, akatoka kwenye kamera.

Bi Mwanahawa akasogea na bakuli lake, akachungulia kompyuta. "Mbona hakuna mtu?"

"Ameenda kuniulizia."

"Siku!" baba aliita kutoka chumbani.

Sikudhani akanyanyuka. Bi Mwanahawa akabaki amesimama, akitazama viti viwili vitupu kwenye kioo cha kompyuta, cha bosi na cha Sikudhani, kimoja kikiwa bado kinazunguka polepole.