Njia Aliyoambiwa Marehemu

Penye njia panda nje ya mji, pikapu iliyobeba jeneza ilisimama. Mila ya ukoo wa marehemu ni kwamba mjane ndiye humwambia marehemu njia watakayopita, la sivyo roho yake hubaki hapo ikitangatanga.

"Mwambie tunapita lami, shemeji," alisema Mashauri, mdogo wa marehemu. "Tuvuke mpaka mapema, tuzike leo leo. Njia ya milimani ni nzuri kwa macho, na maiti haoni."

Perusi, mjane, alikuwa amekaa nyuma chini ya turubai, ubavuni mwa jeneza. Kila safari mumewe alimwahidi kumpitisha milimani alione ziwa kutoka juu, na kila safari walipita lami kwa sababu ya haraka. Akaligonga jeneza kama anayebisha hodi.

"Baba Kabula, tunapita milimani. Lile ziwa ulilonisifia, leo tunakwenda kuliona."

"Shemeji, umefanya nini? Watu wanatungoja makaburini."

"Basi mwambie vingine wewe. Akipotea, mama yenu utamjibu."

Mashauri akamtazama dereva. Dereva akavua kofia, akaivaa tena, akakata kona kuelekea milimani.

Huko juu, ukungu ulipoanza kutawanyika, Perusi alifungua turubai upande wa ziwani.