Kesi ya Bakuli Tupu

Siku hizi jiko haliwaki mpaka lisome ripoti yako ya kukopesheka, na ya Bi Mwanahawa ilikuwa imechafuliwa na mstari mmoja: "Alirudisha bakuli la jirani likiwa tupu." Adhabu yake ni mwaka mzima bila moto.

"Mimi? Tupu?" alifoka. "Lilirudi na visheti! Jiko hilihili ndilo lililovikaanga!"

Jiko likanyamaza kama shahidi aliyehongwa.

Jirani mwenyewe, Bi Riziki, aliapa kwamba visheti vilimfikia na akavila mpaka makombo. Basi nani kasema uongo?

"Achana nao, mke wangu," alisema mumewe, Shemboza, ambaye siku ile ya visheti alinuna kwa kubakishiwa visheti viwili tu. "Kesi zenyewe husikilizwa huko mbali. Nauli utaitoa wapi?"

Hakuachana nao. Sheria ilisema kesi ya kosa la ripoti husikilizwa nyumbani kwa aliyepeleka taarifa, hata kama anaishi Kigoma. Alishtaki, akapiga pasi buibui lake la safari, akangoja aambiwe pa kwenda.

Jibu likaja: Jumatatu, saa tatu asubuhi, Mtaa wa Minazini, nyumba namba kumi na saba.

Alilisoma mara mbili. Nyumba hiyo ilikuwa yao, na tangu mabinti zao waolewe, yeye na mumewe walikuwa wakiishi humo wawili tu.

"Wamekupangia mbali?" Shemboza aliuliza, bila kuinua macho kutoka kwenye kikombe.

"Wala." Bi Mwanahawa akaanza kupanga viti sebuleni. "Wewe utapenda kukaa upande gani, mume wangu?"