Homa Haipasui Kichwa

"Homa haipasui kichwa, Bi Mgeni," alisema Mwajabu. "Tia kidole hapa uone."

"Nimeshaona. Msuke, tumalize."

Waosha maiti hao wawili walikuwa wamefumua nywele za marehemu ili wazioshe, wakakuta nyuma ya sikio jeraha lenye upana wa mchi. Mumewe alikuwa ameutangazia mtaa mzima kwamba amekufa kwa homa.

"Tukimsuka na kumvisha sanda, hakuna atakayejua," alisema Mwajabu.

"Na ukisema, utamwambia nani? Mkuu wa polisi ni kaka yake mume. Yuko hapo nje, anakunywa kahawa na mfiwa."

"Asiyeoshwa hazikwi."

"Kwa hiyo utamwacha aoze humu? Acha ujinga, mwanangu."

Mwajabu aliinua ndoo ya maji ya mkunazi ya kumwoshea marehemu, akayamwaga yote sakafuni, kisha akaketi akiuegemea mlango kwa mgongo. Maji yalimpita ubavuni, yakapenya chini ya mlango hadi miguuni pa wanaume waliokuwa wakingoja na jeneza.

Mazungumzo ya nje yakakatika. Kisha sauti ya mume, ya upole kabisa, ikaagiza ndoo nyingine.