Hereni ya Bi Sanura

Asubuhi nzima wateja wa Daktari Salha walikuwa wakimwekea simu mezani, kila mmoja na picha ya pua au midomo ya mtu wa mbali, akitaka atengenezewe kama hiyo. Bi Sanura hakuja na picha. Alikuja kukaguliwa ndewe ya sikio iliyokuwa imechanika mpaka chini, ambayo daktari aliishona miezi michache nyuma.

"Imepona, bibi. Hata alama haionekani."

Bibi akajitazama kiooni, akaridhika, kisha akafungua pindo la kanga na kutoa hereni ya dhahabu, pana kama kifuniko cha soda.

"Haya, nitoge sikio sasa."

Daktari akaipima kiganjani. "Si ndiyo hii iliyokuchana?"

"Ndiyo hiyo."

"Itakuchana tena. Tafuta nyepesi."

"Mama aliivaa, ikamchana. Nikaivaa mimi. Ikinichana tena utanishona, mwanangu. Mkono wako nimeuona."

Daktari akaiweka hereni mezani. Tangu asubuhi hakuna mwingine aliyeomba kurudishiwa sura yake mwenyewe. Akachukua kalamu, akaweka nukta kando kidogo ya pale aliposhona.

Bi Sanura alikuwa ameshainamisha kichwa upande wa sikio lile, kidogo tu, kama mtu aliyeuzoea uzito.