Namba ya Dakika Tano

Saa nne na dakika kumi asubuhi, jina la Bi Mwanakheri, karani anayefanyia kazi nyumbani, lilionekana mara mbili kwenye kompyuta ya Ledama, mlinzi wa mtandao wa kampuni. Watu wawili walikuwa wakiingia kwa jina hilo, na mmoja wao alikuwa mwizi. Alichokosa ni namba ya siri iliyokuwa imetumwa dakika hiyo kwenye simu ya karani, nayo ingedumu dakika tano. Akiipata, angefungua mafaili ya wagonjwa wa zahanati nne.

Kuifunga akaunti ya karani kulihitaji ruhusa ya meneja, na meneja alikuwa kikaoni. Ledama akampigia karani simu.

"Usimpe mtu namba uliyotumiwa, kuna mwizi."

"Hata salamu huna? Mwizi ni wewe." Akakata.

Ledama akapiga tena. "Mama, sikiliza haraka..."

"Ofisi imetufundisha, anayekuharakisha ni tapeli." Akakata.

Somo hilo Ledama aliliandika mwenyewe.

Zilibaki dakika mbili. Akapiga mara ya tatu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umeamkaje?"

"Salama. Za hapo nyumbani?"

"Njema. Haya sema, maana nina mwenzenu kwenye simu nyingine, kijana ana adabu zake, anangoja namba."

"Huyo ndiye mwizi, mama. Mkatie."

"Mtu kaniulizia mpaka goti linaloniuma, nimkatie hivi hivi? Ngoja nimuage."

Ledama alimsikia akiaga. Saa nne na dakika kumi na tano, namba iliisha muda wake. Bi Mwanakheri alikuwa bado anawatumia salamu watoto wa mwizi, mmoja mmoja, kwa majina.